Bobini na Kamati ya Mirathi

Fundi cherehani alipokufa, jambo la kwanza walilolifanya ndugu zake ni kuchagua mwenyekiti. Hawakuuliza kama mjane amekula, wala hawakutafuta mtu wa kufunga dirisha la chumba alichofia mwenzao. Walikaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi, wakatazamana kama watu wasiojua nani atachaguliwa, na baada ya kusitasita kwa adabu wakamchagua yule yule wanayemchagua kwa kila jambo: kaka mkubwa wa marehemu, ambaye mtaa mzima unamwita Mwenyekiti hata akiwa anatoka bafuni na taulo.

Mwenyekiti huyu hana anachokiongoza, na hilo halijawahi kumzuia. Aliwahi kuongoza kamati ya kuandaa uchaguzi wa klabu ya mpira. Uchaguzi haukufanyika, klabu ikafa, kamati ikaendelea kukutana. Aliongoza kamati ya wazazi kwenye shule ambayo wanawe walishaimaliza na kuisahau. Alikostaafu, kwenye ghala la saruji, kazi yake ilikuwa kufungua geti, lakini wenye malori wanakumbuka kwamba hakuwa akiwaambia waingie. Alikuwa akiwaambia maombi yao yamekubaliwa.

Marehemu mdogo wake hakuwa mtu wa vikao. Alishona suti. Alikuwa na chumba cha duka kwenye mtaa wa nyuma ya soko, kati ya fundi vioo na duka la dawa, chumba alichokinunua kwa jina lake mwenyewe enzi ambazo mtaa ule ulikuwa wa matope na mbuzi. Ukutani kuna vipimo vya wateja vilivyoandikwa kwa chaki, viuno vya watu ambao wengine walishanenepa na wengine walishazikwa. Meza ya pasi imeungua umbo la pasi mahali pawili. Kwenye kona zinaning'inia suti ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, na ukiingia jioni unaweza kudhani kuna wageni wamesimama wanasubiri.

Ndani ya chumba hicho ndimo alimokulia binti yake wa pekee. Baba alimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha ndani ya cherehani, kwa sababu alikuwa mfupi, amejaa, na akianza kuzunguka hasimami mpaka uzi uishe. Jina likamganda. Alianza kwa kuokota pini sakafuni, akahamia kwenye vifungo, akaja kushika cherehani ya karibu na mlango, na sasa sare za shule nusu ya mji zimepitia mikononi mwake. Msimdhanie malaika. Ana mdomo. Mteja akilalamika suruali inambana, humwambia suruali haijabadilika tangu jana, ajichunguze yeye. Na amerithi kwa baba yake ule uongo wa ukoo wa mafundi wote duniani: nguo yako itakuwa tayari Ijumaa, bila kusema Ijumaa ya mwezi gani.

Basi huyo ndiye aliyebaki na mama yake, na hicho chumba ndicho kilichobaki na wao. Nyumba wanayoishi ina paa na deni la kupakwa rangi, haimtamanishi mtu. Lakini duka lilimtamanisha muuza simu mmoja, mwanamume wa mashati ya kung'aa, ambaye alikuwa ameulizia chumba hicho marehemu akiwa hai na akajibiwa kwa kupimwa bega la koti. Sasa marehemu hayupo, na Mwenyekiti alishaanza kusema kwa sauti, mbele ya yeyote mwenye masikio, kwamba mali ya ukoo lazima iongozwe na ukoo, na kwamba yeye tayari ana mtu makini wa kuichukua. Bobini angekwenda wapi na cherehani zake, hilo halikuwa kwenye ajenda. Labda barazani kwa mtu. Labda chini ya ngazi za jengo la posta, pamoja na wapiga rangi viatu. Hata akilini Bobini alikuwa ameshaanza kupima kama cherehani ya miguu itaingia chini ya zile ngazi.

Kikao cha mirathi kilifanyika sebuleni kwa mjane, ambaye aliambiwa asogeze meza yake ili Mwenyekiti apate mahali pa kukaa kwa upande wa mbele. Sebule ya watu wanne ikawa na upande wa mbele. Kulia kwake alikaa Katibu, shemeji wa shemeji, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri na uti wa mgongo wa uji. Kushoto alikaa Mweka Hazina, shangazi wa Bobini, ambaye hana hazina yoyote ya kuweka na kwa hiyo husinzia. Wengine walikuwa wajumbe. Mjane na binti yake waliorodheshwa kwenye muhtasari kama waalikwa. Ndani ya nyumba yao.

Kikao kilifika kwenye ajenda ya tatu baada ya Mwenyekiti kumaliza hotuba ya ufunguzi, ambayo ilimtaja marehemu mara moja na msemaji mara nyingi kuliko heshima inavyoruhusu. Katibu akasoma kwamba mahakama inataka familia ipendekeze msimamizi wa mirathi.

Mwenyekiti akauliza huyo msimamizi anafanya kazi gani.

Katibu akasoma kwenye karatasi aliyopewa kule mahakamani: anafuatilia cheti cha kifo, anajaza fomu, anakwenda mahakamani kila anapoitwa, anabandika tangazo, anakwenda benki, anakwenda ofisi ya ardhi, anakusanya mali, anagawa, anarudi mahakamani kutoa hesabu.

"Anakwenda, anakwenda, anarudi," alisema Mwenyekiti. "Huyo ni tarishi."

Wajumbe wakacheka, maana walikuwa wamekaa muda mrefu. Katibu alikohoa. Kwa faida ya wasomaji nitasema kile ambacho Katibu alikijua: mwalimu huyu alishafiwa na baba, alishapita njia hiyo, na alijua kabisa kwamba mtu anayeshika usimamizi ndiye anayeshika mali. Akainua kalamu, akaanza kusema kwamba huenda ingefaa, kwa uzito wa jambo lenyewe, kama Mwenyekiti mwenyewe...

"Katibu, umeruhusiwa na kiti?"

Katibu akashusha kalamu. Hakuwa ameruhusiwa.

Mwenyekiti akaeleza kwa upole, kama anavyowaeleza watu wadogo, kwamba kichwa hakitembei, miguu ndiyo hutembea. Yeye kwa umri wake na kwa cheo chake hawezi kwenda kusimama kwenye korido pamoja na watu wanaodaiana mbuzi. Yeye ataongoza. Kamati itaamua. Wa kutumwa atafutwe mwenye miguu mizuri na asiye na shughuli kubwa. Halafu macho yake yakatua kwa Bobini, na ukaona lile wazo likimwingia usoni kama maji kwenye soksi. Mtu akishinda mahakamani, hashindi dukani. Mtu asiyeshinda dukani hamsumbui muuza simu.

"Bobini atafanya hiyo kazi. Imepita?"

Ikapita. Mweka Hazina aliamshwa kuinua mkono. Muhtasari ukasainiwa na kila mtu, na Mwenyekiti akaweka sahihi yake ile ndefu yenye mikia miwili, ambayo ikianza kwenye karatasi humalizikia kwenye kitambaa cha meza.

Bobini alilia siku ile, na si kwa ajili ya baba yake. Alilia kwa hasira. Sare za kufungulia shule zilikuwa zimejaa mezani, wazazi wanamfuata mpaka nyumbani, na yeye kafanywa mtu wa kupeleka karatasi za watu wanaotaka kuliuza duka lake. Alimwambia mama yake hatakwenda. Mama, mwanamke wa maneno machache na yenye chumvi, akamwambia aende tu. Akikataa watamtuma Katibu, na Katibu ukimtuma chumvi analeta maelezo.

Akaenda, basi. Nisiwachoshe na ofisi zote alizopita, mnazijua, zote zina feni moja inayozungukia upande wa mkubwa. Kwenye cheti cha kifo aliambiwa mfumo umelala. Alipouliza utaamka lini, akaambiwa asilete jeuri. Benki walimpa karatasi inayomtaka mwenye akaunti athibitishe kwa sahihi yake kwamba amefariki, na dada wa dirishani, mwenye kucha ndefu na subira fupi, alipoelezwa tatizo liko wapi, alijibu kuwa huo ndio utaratibu na wateja wengine wote hujaza. Kampuni ya umeme ilikuwa imemwandikia marehemu kumpongeza kwa kupunguza matumizi. Bobini aliyapokea yote hayo akiwa na pindo la sare mapajani, anashona kwa mkono huku foleni inasogea, na mara moja alimshonea askari wa mlangoni kifungo kilichokuwa kinaning'inia kwa sababu hakuweza kuvumilia kukitazama.

Kule mahakamani kulikuwa na karani, mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia kwa mkufu, ambaye alimchukia kila mtu kwa usawa. Aliuchukua muhtasari wa kikao, akausoma, akauliza huyu aliyesaini mpaka nje ya karatasi ni nani. Akaambiwa ni mwenyekiti. Akauliza mwenyekiti wa nini. Bobini akakosa jibu, nami pia sina.

Tangazo likabandikwa ubaoni: fulani anaomba kusimamia mirathi ya marehemu fulani, mwenye pingamizi ajitokeze. Mwenyekiti alikwenda kulisoma mwenyewe, kwa kofia na fimbo. Alilisoma mara mbili, na kweli akapata pingamizi. Cheo chake hakikutajwa. Akamwamuru Katibu aandike barua kali kuitaka mahakama iongeze, chini ya jina la mwombaji, maneno "kwa maelekezo ya Mwenyekiti wa Familia". Karani aliipokea barua ile kwa mikono miwili, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai, na hapo ndipo shauri lake lilipomalizikia.

Muda wa tangazo ulipokwisha, hakimu alimwapisha Bobini. Hakimu alikuwa na mafua na alifanya haraka. Karani ndiye aliyempa hati yenye muhuri, na alipomwona anaikunja kuitia kwenye mfuko wa sare za watu, alimnyang'anya.

"Binti, unajua hiki ni nini?"

Bobini akasema ni karatasi ya kumpelekea baba mkubwa.

Karani akavua miwani. Akamweleza, kwa ile chuki yake ya haki, kwamba baba mkubwa hapelekewi kitu. Mali yote ya marehemu sasa iko chini ya mkono wa aliyeapa. Nyumba, duka, akaunti, vyote. Hakuna wa kuuza, kupangisha wala kuhamisha bila sahihi yake, na asipotenda haki kwa warithi atajibu yeye mbele ya hakimu. Warithi ni nani? Mjane na mtoto. Mtoto yuko wapi? Huyu hapa ananitolea macho.

"Na mwenyekiti?" aliuliza Bobini.

"Mwenyekiti akae."

Alirudi nyumbani kwa miguu, amesahau kuwa kuna magari. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliisoma hati ile polepole mpaka chini, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maneno ya kuifuta ya mbele, halafu akacheka kicheko ambacho hakijasikika ndani ya nyumba ile tangu msiba. Bobini alitaka kwenda kwa baba mkubwa saa ile ile kumwambia ukweli. Mama akamzuia.

"Umwambie nini? Yeye ndiye aliyekupa. Mwache aongoze. Shemeji yangu ukimpa uenyekiti wa kamati ya kunyamaza, ataifungua kwa hotuba."

Ikawa hivyo. Kamati iliendelea kukutana, na Bobini aliendelea kutoa taarifa kwamba anafuatilia. Hakusema uongo hata mara moja, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza anafuatilia nini. Mwenyekiti aliunda kamati ndogo ya duka, akajiteua kuiongoza, kisha akaiandikia kamati kubwa, yaani yeye mwenyewe, kupendekeza mauzo. Alijibiwa kwamba pendekezo limekubaliwa. Akachongesha na muhuri.

Asubuhi moja akaingia dukani akiwa na muuza simu na mtu wa kutengeneza rafu mwenye futi ya chuma. Hawakubisha hodi. Mtu wa rafu akaanza kupima ukuta ule wenye chaki, akafuta viuno vya nusu ya mtaa kwa kiwiko chake. Bobini alisimamisha cherehani. Alikuwa na mkasi mezani, kwa hiyo aliusukuma mbali kwanza. Ndipo akamuuliza muuza simu, kwa heshima zote, kama ameiona hati ya mahakama.

Muuza simu alikuwa mpenda kung'aa lakini hakuwa mjinga. Alimgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti akatoa muhtasari wa kikao, wenye muhuri mpya unaonuka wino. Muuza simu akaupokea, akauangalia kama mtu aliyeagiza simu akaletewa kifuniko chake.

"Mzee, hii ni ya mahakama?"

"Hii ni ya kamati."

Walikwenda wote mahakamani, Mwenyekiti mbele na fimbo. Karani hakumpa hata nafasi ya kusafisha koo. Aliuliza msimamizi nani, Bobini akainua mkono, karani akauliza kama msimamizi anauza, Bobini akasema hauzi. Karani akaita anayefuata. Mwenyekiti alibaki amesimama dirishani akieleza muundo wa familia kwa kioo. Muuza simu alimshika Bobini mkono, akamwomba radhi kwa ukuta, akaondoka na mtu wake wa rafu bila kuaga uongozi.

Kikao cha dharura kiliitwa jioni ile ile. Sasa hapa ndipo Bobini alipoogopa kwelikweli, kwa sababu msimamizi anaweza kuondolewa. Mtu mwenye sababu akienda kwa hakimu akaomba, anaweza kusikilizwa, na Mwenyekiti hakuwa mtu wa kukosa sababu. Alifoka. Alisema amepinduliwa. Alisema binti amejipenyeza kwenye madaraka kwa hila. Wajumbe walitikisa vichwa kwa huzuni, wale wale walioinua mikono. Akamwagiza Katibu aandae maombi ya kumwondoa, yapelekwe kesho.

Katibu aliomba ruhusa ya kiti. Akapewa. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kuipata kwa urahisi hivyo, akachanganyikiwa kidogo. Kisha akaeleza kwamba hakimu atataka kujua binti alipataje usimamizi. Wataonyesha muhtasari, kwa kuwa ndio uliopelekwa. Muhtasari unasema aliteuliwa na Mwenyekiti, kwa kauli ya Mwenyekiti, na sahihi ya Mwenyekiti ipo.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo itabidi uape, mzee, kwamba siku ile hukujua unachokifanya."

Hata Mweka Hazina aliamka, bila kuguswa.

Mnapaswa kumwelewa mtu huyu vizuri. Mwenyekiti angeweza kusema uongo mbele ya hakimu, hilo halikuwa shida. Angeweza kumwita mtoto wa mdogo wake mwizi, na alikuwa ameshaanza. Lakini asimame mbele ya karani yule na watu wanaodaiana mbuzi, aseme kwamba mwenyekiti alikosea kwenye kikao, iandikwe, isomwe kwa sauti? Angekubali kwanza kuzikwa bila jeneza. Alimtazama Katibu, akautazama muhtasari, akaitazama sahihi yake na mikia yake miwili. Bobini alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni ameushika mkono wa mama yake.

"Nani amesema sikujua?" alisema Mwenyekiti hatimaye. "Nilijua. Nilikuwa nawapima."

Akanyanyuka. Akaeleza kwa muda mrefu, na sauti ikizidi kupata afya, jinsi alivyoona tangu mwanzo kwamba duka lazima libaki mikononi mwa damu ya marehemu, jinsi alivyomteua binti kwa makusudi, na jinsi alivyomleta yule muuza simu kama jaribio ili kuona kama msimamizi ana msimamo. Ana. Yeye ameridhika. Kikao kikampongeza. Katibu akaandika pongezi zile kwa mwandiko wake mzuri, na kama kuna kitu cha aibu zaidi kilichowahi kuandikwa kwa mwandiko mzuri, mimi sijakiona. Mjane akasema ahsante shemeji, akaomba arudishiwe meza yake.

Bobini alimaliza kazi. Nyumba iliandikwa jina la mama yake, duka lake yeye, akarudi mahakamani kutoa hesabu, karani akaigonga muhuri bila kumtazama, ambayo kwake ni mapenzi makubwa. Akapaka ukuta chokaa, akaanza kuandika viuno upya.

Mmoja wa wateja wa mwanzo kuingia alikuwa baba yake mkubwa. Amechaguliwa kuongoza kamati ya wastaafu wa ghala la saruji, ambayo haijajulikana itafanya nini, na alihitaji suti inayolingana na majukumu. Alisimama katikati ya chumba, akamwambia mwanawe asifanye mchezo na mabega. Bobini alizungusha futi ya kitambaa kifuani. Mwenyekiti akavuta pumzi, akakijaza kifua mpaka vifungo vya shati vikalalamika, akatulia hivyo anaangalia juu kama sanamu ya mtu aliyekomboa kitu.

Bobini hakuandika chochote. Alisubiri, futi mkononi, mpaka mzee akaishiwa pumzi. Ndipo akapima.